Filta Ipi Ninunue? Mazungumzo na Wafugaji Wapya wa Samaki wa Mapambo, Mwanza

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja. Kwa jinsi mpira wa leo ulivyotangazwa, nilidhani ningezungumza na viti.

Nimeombwa niseme habari za filta za tangi la samaki la nyumbani, tangi la maji baridi, si la maji ya chumvi. Swali linalokuja kila mara ni lile lile: "Filta ipi nzuri?" Muuza duka analo jibu lake, nalo ni ile iliyobaki rafuni. Mimi nitawajibu kwa kuwauliza. Kwako umeme ukikatika, hurudi baada ya muda gani? Unafuga samaki wa aina gani, na wangapi? Nani ataisafisha filta hiyo, wewe au msichana wa kazi ambaye hakuambiwa chochote? Ukishanijibu haya matatu, nitajua cha kukushauri hata kabla hujataja bajeti.

Tuanze na kinachotokea ndani ya maji, kwa sababu bila hicho tutakuwa tunanunua maboksi tu. Samaki hutoa amonia, na sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua anapopumua, wala haingojei mavi yaoze. Chakula kilichobaki chini kikioza, ni amonia tena. Ziwani hilo halina shida, maji ni mengi. Kwenye lita mia moja, amonia haina pa kwenda, nayo ni sumu.

Wanaotuokoa ni bakteria. Wapo wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wapo wanaoichukua hiyo nitriti na kuigeuza kuwa nitreti. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, damu ikageuka rangi ya kahawia. Utamwona samaki anahema juu ya maji, unaongeza hewa, haisaidii, kwa sababu tatizo haliko kwenye hewa. Nitreti ni afadhali sana, na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kazi hii lazima igawanywe kati ya makundi mawili ya bakteria. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba wapo wanaoifanya yote peke yao kutoka mwanzo hadi mwisho, na baadhi yao walipatikana Uholanzi kwenye mtambo wa kufugia samaki. Kwa hiyo hata filta yako ya sebuleni ina mambo ambayo sayansi imeyajua juzi tu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Bakteria hawa kwa sehemu kubwa hawaishi majini wakielea. Hujishikiza juu ya kitu: kokoto, kioo, jani, na zaidi ya vyote sponji inayopitiwa na maji yenye oksijeni. Filta ni nyumba yao. Mota ipo kwa ajili ya kuwapelekea amonia na hewa, basi. Ndiyo maana maji kung'aa hakunishawishi. Nimeingia nyumba ambayo tangi linang'aa kama halina maji, na samaki wamejikusanya pembeni mapezi yameshikana na mwili. Takataka zinazoonekana filta ilikuwa imezikamata. Isiyoonekana ilikuwa inaua.

Na amonia haiui kila mahali kwa kiwango kimoja. Majini inakaa katika sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo kali, na kinachoamua zipo kwa kiasi gani ni joto na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, ile kali haifiki hata asilimia moja ya amonia yote. Kwenye pH 8 inakuwa asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, mmenisikia? Frontosa, tropheus, na wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, kwao pH iko karibu na 9. Amonia ambayo tetra wa maji yenye asidi kidogo angeivumilia wiki nzima, tropheus inaweza kumuua usiku mmoja. Kwa samaki wa Tanganyika, na kwa mbuna wa Ziwa Nyasa pia, filta isiwe ya kubahatisha. Ukubwa wa tangi ukikwambia filta moja, weka mbili.

Haya, aina zenyewe.

Ya kwanza ni filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Inadharauliwa kwa sababu ni rahisi na haipendezi machoni, na mimi ndiyo ninayoipendekeza kwa walio wengi humu ndani. Mpira mwembamba unaleta hewa, mapovu yanapanda ndani ya bomba la katikati, yanapanda na maji, na maji mengine yanavutwa kupitia sponji kuziba nafasi. Hakuna mota ndani ya maji, hakuna pangaboi la kukata kitu. Tafuta sponji yenye matundu ya wastani, kama 20 hadi 30 kwa inchi moja. Yenye matundu madogo mno huziba upesi, na ile ya kuoshea vyombo usiitumie, kwa sababu nyingine huwekwa dawa ya kuua vijidudu, na vijidudu ndio tunaowataka. Tangi likiwa refu, weka sponji moja kila upande, pampu moja yenye matundu mawili inatosha. Ukichakaa upande mmoja, upande wa pili unaendelea na kazi.

Na kwa anayetaka kuzalisha, hakuna kinachoishinda. Chukueni furu wa ziwa letu hili. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni, kisha anawaachia wakiwa wadogo sana. Mdomo wa filta yenye mota unawavuta wote kabla hujaamka. Sponji haivuti mtoto wa samaki. Watoto wenyewe hukaa juu yake wakidonoa vijidudu. Nimemtaja furu kwa makusudi. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 500, kisha sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 akaongezeka kupita kiasi miaka ya 1980, na aina nyingi zikatoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walikuwa wakiwachunguza hapa Mwanza tangu 1977, na baadhi ya aina zikahifadhiwa kwenye matangi ya vioo nje ya nchi. Yaani kuna furu ambao kwa miaka uhai wao ulitegemea mtu kukumbuka kusafisha filta. Sisi tulio ukingoni mwa ziwa lenyewe bado tunaagiza samaki wa dhahabu kutoka mbali. Tuendelee.

Ya pili ni filta ya ndani yenye mota, ile unayoibandika kwenye kioo kwa vifyonzo. Inafaa tangi dogo na la kati. Ubaya wake ni kwamba nafasi ya sponji ni finyu. Ukiinunua, nunua kubwa kuliko boksi linavyokuambia. Ya tatu ni ile inayoning'inia nyuma ya tangi, inavuta maji na kuyamwaga kama maporomoko. Nzuri kuisafisha, hulazimiki kulowesha mkono hadi kwapa. Lakini nyingi zake umeme ukikatika maji yanashuka kwenye bomba, na umeme ukirudi mota inazunguka kavu, inanguruma, inaungua. Kama kwako umeme ni wa kuhesabu, ijaribu siku ya kwanza: chomoa, subiri, chomeka, uone kama inavuta maji yenyewe. Isipovuta, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Ya kulazwa chini ya kokoto, ya zamani ile, nitaipita haraka. Inafanya kazi, ila kokoto zikijaa uchafu utavunja tangi zima kuisafisha. Achana nayo.

Kisha kuna canister, lile debe linalokaa kwenye kabati chini ya tangi, mabomba mawili, vikapu ndani. Hiyo ndiyo vijana wanaitamani, na siwalaumu. Ina nafasi kubwa ya kuweka vitu vya bakteria, haionekani, haina kelele. Kwenye tangi la lita 300 lenye mbuna arobaini ningeiweka bila kusita. Tatizo ni kwamba debe limefungwa. Umeme ukikatika, maji ndani yanasimama, na bakteria waliojaa mle wanaendelea kupumua. Baada ya saa chache oksijeni imekwisha, wanaanza kufa, na uchafu uliomo unaoza bila hewa. Umeme unarudi usiku umelala, mota inawaka, na maji yale yananuka yai bovu yanasukumwa yote ndani ya tangi. Asubuhi unasema samaki wamekufa kwa umeme kukatika. Hapana, wamekufa kwa umeme kurudi.

Kwa hiyo mwenye canister awe na kanuni: umeme ukikatika zaidi ya saa tatu nne, chomoa kwenye soketi. Ukirudi, fungua debe kwanza, mwaga maji yaliyomo, suuza vikapu kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Kama huwezi kuwepo nyumbani kufanya hivyo, kama unafanya kazi zamu au unasafiri, canister pekee isiwe ndiyo roho ya tangi lako. Weka na sponji pembeni.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo pesa ilipo. Pampu ndogo ya hewa hula wati 3 hadi 5. Canister ya wastani, wati 15 hadi 25. Wati 5 usiku na mchana kwa siku 30 ni uniti 3.6 za LUKU. Wati 20 ni uniti 14.4. Si fedha za kumfilisi mtu. Lakini njoo kwenye betri. Betri ndogo ya volti 12, ampea-saa saba, ile ya kwenye king'ora, ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Pampu ya hewa ya wati 5 inayotumia volti 12 moja kwa moja itaendeshwa saa nane. Canister ya wati 20 kupitia inveta, saa mbili ukibahatika. Usiku wa giza tofauti hiyo ndiyo samaki wazima au wafu. Wenye paneli ndogo ya sola ya kuchajia simu, mnaelewa ninakoelekea.

Jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havituambii sisi. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na maji ya mwinuko hubeba kidogo zaidi. Pwani, maji ya nyuzi 25 yakishiba hewa yana miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita. Dar mwezi wa Februari, tangi likifika nyuzi 30, zinabaki kama 7.5. Hapa Mwanza ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na kwa nyuzi 25 zile zile tunapata kama 7.2. Na bakteria wetu ni walaji wakubwa: kugeuza gramu 1 ya naitrojeni ya amonia kuwa nitreti kunatumia zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Wanagombania hewa na samaki. Kwa hiyo filta yoyote utakayochagua, hakikisha inausumbua uso wa maji. Bomba la canister lililozamishwa chini ili lisipige kelele linakunyima nusu ya faida uliyolipia.

Ukubwa. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, unapata lita. Sentimita 100 kwa 40 kwa 45 ni lita 180. Toa kokoto, mawe na nafasi ya juu, hesabu 150. Kwa samaki wadogo watulivu, filta ipitishe ujazo huo mara nne hadi sita kwa saa. Kwa mbuna na wenzao wachafuzi, mara nane hadi kumi. Samaki wa dhahabu mhesabu na wachafuzi, hata kama dukani ni mdogo kama kidole. Samaki mwenye mapezi marefu kama beta usimpe mkondo mkali, atachoka. Na ile namba ya lita kwa saa iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa mota ikiwa tupu, haina sponji wala uchafu. Baada ya mwezi mmoja usishangae ikishuka hadi nusu.

Cha kuweka ndani ya filta. Sponji kwanza, kisha kitu kigumu chenye vitundu. Pete za kauri ni nzuri na ni ghali. Mawe mepesi ya volkano, yakivunjwa vipande na kuoshwa sana, yanafanya kazi ile ile. Vipande vya matumbawe vinapandisha pH na ugumu wa maji: kwa samaki wa Tanganyika sawa, kwa tetra usithubutu. Ule mkaa mweusi maalumu wa kuchujia, si wa jiko, unaondoa rangi na mabaki ya dawa, lakini ukishashiba haufanyi kitu tena. Si lazima kuwa nao kila siku, na siku unapotibu samaki uutoe, vinginevyo unamwaga dawa kwenye mkaa.

Kuna zile filta zinazouzwa na kikapu cha karatasi, maelekezo yanasema kitupwe kila mwezi ununue kipya. Huo ni mpango wa biashara. Ukitupa kikapu, umetupa bakteria wote. Kata sponji ya kawaida iingie mle, usiitupe mpaka ichanike.

Kusafisha sasa, na hapa ndipo msichana wa kazi anapoingia. Maji ya bomba yana klorini, iliyowekwa kuua vijidudu, na haichagui. Ukisuuza sponji chini ya bomba mpaka itakate, umeifanya mpya, na tangi litaanza upya na samaki wakiwa ndani. Siku ya kubadilisha maji, chota maji ya tangi kwenye ndoo, kamua sponji mle mara kadhaa, rudisha. Ikibaki kahawia, ndivyo inavyotakiwa. Ukiwa na sponji mbili, safisha moja leo na ya pili wiki mbili baadaye. Mwambieni na aliyeko nyumbani, si kwa kumgombeza baadaye.

Mama mmoja ameniandikia hapa: ninunue filta leo, samaki niweke lini? Mama yangu, filta mpya haina mtu ndani. Iwashe, weka amonia kidogo au chembe za chakula zioze, na kwa joto letu bakteria wanaweza kuchukua wiki nne hadi sita kujaa. Njia ya mkato ipo: mwombe jirani mwenye tangi lenye afya akupe kipande cha sponji yake kilichotumika, ukifungie kwenye yako kikiwa bado kimelowa. Lakini awe jirani ambaye samaki wake hawana ugonjwa, kwa sababu sponji husafiri na vyote viwili.

Na mzee wangu aliyeuliza kama mimea inatosha bila filta: inatosha, kama samaki ni wachache kuliko roho yako inavyotaka. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington aliwaeleza wenzake London jinsi alivyofuga samaki wa dhahabu pamoja na majani ya majini na konokono, maji yakabaki mazuri bila mtambo wowote. Walikuwa samaki wawili. Nani kati yetu ameishia wawili?

La mwisho, kaka pale nyuma anayelala chumba kimoja na tangi, anazima pampu usiku kwa sababu ya kelele. Usizime, usiku ndipo hata mimea inatumia oksijeni. Iweke pampu juu ya kipande cha godoro, isiguse ukuta wala kioo. Ikae juu zaidi ya usawa wa maji, au uweke ile valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi, maana umeme ukikatika maji hurudi na mpira mpaka ndani ya pampu, na kutoka hapo mpaka kwenye soketi. Waya uuache uning'inie chini kidogo ya soketi kabla haujapanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni. Na kama bado inapiga kelele, fungua skrubu za chini: ndani kuna kiwambo cha mpira kilichopasuka au kulegea. Kinabadilishwa, huhitaji kununua pampu nyingine.